Nani Afungue Ndiva ya Mkanyeni?

Nina kesi ya maji. Anayetaka kuisikiliza asogee, asiyetaka aende zake sasa hivi, siyo katikati. Na tuelewane kabla sijaanza: ukiwa na jibu, lifumbie mdomo mpaka nikuulize. Niliwahi kusimulia kesi hii mahali, mtu mzima na ndevu zake akadakia jibu kabla ng'ombe hawajaingia. Ng'ombe hawajaingia, yeye kashahukumu! Hukumu za namna hiyo mimi sizitaki.

Walikuwepo watu watatu. Wa kwanza mwanamke, jina lake Namkunda, alikuwa na udongo. Wa pili mfugaji, jina lake Sendeu, alikuwa na ng'ombe. Wa tatu kijana, jina lake Kadeghe, alikuwa na mikono inayojua kupasua jiwe. Kila mmoja alikuwa na kitu ambacho wenzake hawana, na kila mmoja alikuwa na dosari ambayo watu walimnyooshea kidole. Namkunda alikuwa mjane. Sendeu alikuwa mgeni. Kadeghe alikuwa mtoro. Yashike hayo, tutayarudia.

Mahali ni milima ya Upare, upande wa kusini, kijiji kinaitwa Mkanyeni. Kijiji hicho kinaishi kwa ndiva.

Ndiva, kwa asiyeijua, ni bwawa la mawe na udongo lililojengwa mlimani. Maji ya kijito huletwa na mfereji, hujikusanya humo usiku kucha, asubuhi bwawa limejaa. Chini kuna tundu, na tundu limezibwa kwa gogo refu linalosimama wima hadi juu ya maji. Mwenye zamu huja, hulichomoa gogo, maji hushuka kwa kishindo mpaka shambani kwake. Utaniuliza, kwa nini wasiyaache yashuke yenyewe tu kutoka kijitoni? Kwa sababu kijito ni chembamba kama mkia wa panya, na mifereji ya huko chini ni mikavu, ina kiu kuliko mahindi. Ukiyaachia maji kidogo kidogo, yanaishia njiani. Lazima yakusanyike, yashuke yote, kwa nguvu, sehemu moja. Ndiyo maana maji ya ndiva moja hayagawanyiki. Anayepata anapata yote, anayekosa hapati hata tone.

Na ndiva ilikuwa na sheria: ikibomoka, yule aliyeifanya ishike maji tena ndiye anayefungua mara ya kwanza, na maji ya siku hiyo ni yake. Sheria safi. Haikuwahi kuleta ugomvi, maana siku zote ilijulikana ni nani aliyefanya.

Sasa sikiliza ilivyobomoka.

Ule mwaka dunia nzima iliugua, kila nyumba mpaka huko Ulaya ikawa inachemsha tangawizi. Malori yakapanda mpaka Mkanyeni, barabara ambayo hata pikipiki inaisikitikia. Watu wakang'oa tangawizi. Ilipokwisha, wakang'oa ya mbegu. Haikupita muda meli zikashusha tangawizi ya nchi za mbali bandarini, nyingi, nono, na malori yakapotea kama yalivyokuja. Waliotaka kupanda tena wakanunua mbegu huko bondeni, ikaja na ugonjwa, ikaoza ardhini. Walipoanza kurudi kwenye mahindi, vita ikalipuka nchi ambayo hakuna mtu Mkanyeni anayeweza kuionyesha kwenye ramani, na mbolea ikapanda bei. Dizeli nayo. Vijana wakaangalia, wakafunga mabegi. Huyu Dar, huyu Msumbiji, huyu Uarabuni. Pembe ya msaragambo ikilia, ile ya kuita kijiji kizima kufanya kazi za ndiva, waliofika ni akina mama na wazee wenye magongo.

Mwenyekiti wa ndiva alikuwa Mzee Mrindoko, mtu wa kelele nyingi lakini si mwovu. Wakaja wafadhili, wakapiga picha, wakaahidi saruji. Ndiva ya kisasa! Mrindoko akafurahi mpaka akasahau kuvaa kofia. Akaagiza: ndiva ikaushwe, isafishwe, ingoje saruji. Na wote wakakubali. Nasema wote, kwa sababu baadaye kila mtu Mkanyeni alidai yeye alipinga. Waongo. Waliikausha wakiimba.

Saruji haikuja. Vita ilikuwa karibu na kwao wafadhili, fedha zikageuzwa njia, zikaenda huko. Wakatuma salamu za masikitiko. Na udongo wa ndiva, ambao tangu enzi za mababu haukuwahi kupigwa na jua, ukapigwa na jua. Ukapasuka. Siku walipokata tamaa na saruji wakarudisha maji, yaliingia yote, na asubuhi ndiva ilikuwa imeyanywa, imekauka, nyufa zimekaa wazi kama midomo.

Na kiangazi ndio kimeingia.

Hapo ndipo watu wetu watatu wanapoanza.

Namkunda shamba lake lilikuwa chini tu ya ndiva. Mumewe alikufa, na zamu ya maji ikahamia kwa shemeji yake, kwa sababu Mkanyeni zamu iliandikwa kwa mwanamume. Alibaki na kijishamba na tangawizi. Na tangawizi ile ndiyo pekee iliyokuwa nzima kijijini. Malori yalipokuja, wanunuzi walisimama mlangoni kwake, wakapandisha bei, wakapandisha tena. Akawaambia, "Mbegu siuzi." Wakamwambia amechanganyikiwa. Akawaambia, "Basi mnasubiri nini kwa mtu aliyechanganyikiwa?"

Udongo unaofaa kuziba ndiva ni wa kijivu, mzito, unaovutika kama unga wa chapati. Kijiji kizima kilijua ulipo. Uko chini ya tangawizi ya Namkunda.

Mzee Mrindoko akaenda, akasimama kando ya shamba, akakohoa.

"Namkunda, udongo ule..."

"Najua ulipo."

"Sasa?"

"Sasa nini? Unataka nikukaribishe kwa chai? Leteni majembe. Lakini usinisimamie hapo na pole zako, Mzee Mrindoko, nitakutupia jembe moja."

Akang'oa tangawizi yake kwa mkono wake, changa, haijakomaa. Akaifunga kwenye majani mabichi ya mgomba, akaiweka kivulini. Tangawizi iliyong'olewa namna hiyo inaweza kuishi ikirudishwa haraka kwenye udongo uliolowa. Ikichelewa inanyauka, na ikinyauka ile, Mkanyeni haina tena mbegu nzima. Wakachimba. Shamba likawa shimo. Udongo ukabebwa kwa vichwa na ndoo hadi ndani ya ndiva, ukatandazwa, ukamwagiwa maji ya kisimani, ukawa tope.

Bila udongo wa Namkunda, ndiva isingekuwa na sakafu.

Lakini sakafu ya tope ni tope tu mpaka ikanyagwe. Zamani vijana wa kijiji kizima walikuwa wanaingia kwa ngoma, wanakanyaga mpaka udongo unakuwa kitu kimoja. Sasa waliokuwepo ni akina mama. Wakapandisha kanga, wakaingia, wakaimba, wakakanyaga. Wakajaribu ndoo chache za maji. Maji yakazama. Wakakanyaga tena. Yakazama tena.

Ukingoni alikuwa ameketi Sendeu, Mmasai, fimbo mapajani. Alikuwa ametoka mbali huko tambarare. Mvua ilikuwa imekataa kwao misimu kadhaa, na sehemu ya malisho iliyobaki ilizungushiwa waya, akaambiwa ni mradi. Mradi wa nini, hakuambiwa. Akaswaga mifugo yake, wengi wakafa njiani, waliobaki walikuwa mbavu na macho. Mkanyeni hawakumpenda. Ng'ombe wake walishakula mahindi ya watu, na kila siku alikuwa anakuja kuomba maji, na kila siku anaambiwa ndiva si ya ng'ombe.

Basi siku ile, akiwatazama wale akina mama wanavyojitahidi, akacheka.

Namkunda akasimama, tope mpaka magotini. "Unacheka nini, yero?"

"Hapana, yeyo. Sicheki." Kwa Kimasai yero ni kijana, yeyo ni mama.

"Umecheka. Nimekuona meno."

"Basi nimecheka. Mnakanyaga kama kuku."

Akina mama wakapiga kelele. Mmoja akamrushia bonge la tope, likampata kwenye shuka. Sendeu akalifuta polepole.

"Kwetu tukichimba lambo," akasema, "hatuingii sisi. Tunaingiza ng'ombe. Mguu wa ng'ombe ni mdogo, mwili ni mzito. Unasaga udongo mpaka chini. Niachieni niwalete."

Mzee Mrindoko akaruka kama kaumwa na siafu. "Ng'ombe! Ndani ya ndiva! Wazee waliojenga hapa watafufuka!"

"Wakifufuka waingie wakanyage," Namkunda akasema. "Ni miguu tunayotafuta."

Ng'ombe wakaingia. Sendeu akiwa katikati yao, anapiga mluzi, anawazungusha. Walikuwa dhaifu, kila mguu ukizama ulichomoka kwa shida, na kila walipopita udongo ulibana, uking'aa. Walizunguka asubuhi, wakazunguka mchana. Ng'ombe mwenye njaa hapaswi kufanyishwa kazi hiyo, na Sendeu alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale. Kulikuwa na jike la kijivu, akiliita Ngiro, lenye mimba kubwa, ndilo alilokuwa anategemea lianzishe upya mifugo yake. Jua lilipokuwa linageuka, Ngiro akateleza pembeni, akalala, mguu ukavunjika. Watu walisikia mlio wa mfupa.

Sendeu akapiga magoti kwenye tope. Akamfunika macho kwa shuka lake. Akafanya kilichobidi kufanywa.

Mzee Mrindoko akaanza, "Yero, kwa kweli..."

"Mzee, niache," Sendeu akasema. "Huku kona hapajakanyagwa vizuri." Akapiga mluzi, akawarudisha waliobaki. Nyama akawaachia akina mama. "Kuleni. Mmefanya kazi." Yeye hakula.

Wakamwaga maji ndoo kadhaa. Yakakaa. Hayakwenda popote, yakakaa pale pale yanaonyesha mawingu.

Bila ng'ombe wa Sendeu, sakafu isingeshika.

Unaona? Na hapo bado hatujamaliza. Usinikunjie uso, nimekwambia ni watatu.

Kesho yake asubuhi wakaenda kufungulia mfereji wa kijitoni. Mfereji mkavu! Tangu ndiva ilipokaushwa hakuna aliyekwenda kuusafisha, na mahali unapozunguka jabali, juu ya korongo, mwamba mkubwa ulikuwa umeporomoka ukaukalia. Maji yote yanamwagika korongoni. Na udongo mbichi hauwezi kungoja. Ukikaa bila maji jua linaupasua tena, na Namkunda hana shamba jingine la kuchimba, na Sendeu hana Ngiro mwingine. Akina mama wakakata majani ya mgomba, wakaifunika sakafu nzima, kama mtu anavyofunika maiti. Hiyo ilikuwa ya kuvuta muda tu.

Asubuhi hiyo Kadeghe alikuwa anaondoka.

Kadeghe alikuwa Uarabuni miaka mingi. Kazi yake huko ilikuwa kupasua miamba, wajenge barabara za watu wengine. Alikuwa amekuja likizo. Miaka yote hiyo pembe ya msaragambo ililia bila yeye, na kijijini hilo halisahauliki. Mtoro, ndivyo walivyomwita, japo akija na zawadi walipokea kwa mikono miwili. Shamba la baba yake lilikuwa na mahindi, ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza kutoa mbelewele, maua yake ya kileleni, na ndani ya nyumba ile kulikuwa na baba kipofu, mama, na watoto wa dada zake wawili waliokwenda Muscat kufanya kazi za ndani. Nyumba nzima ilikula kwa mkono wa Kadeghe na kwa mahindi yale.

Begi lake lilikuwa limeshafungwa juu ya gari. Tiketi ya ndege mfukoni. Alikuwa ameambiwa waziwazi: usiporipoti kwa tarehe, nafasi yako ina mtu.

Akawaona watu wanashuka kutoka jabalini na nyuso zimeanguka. Akauliza. Akaambiwa.

"Mwamba mkubwa kiasi gani?"

Mama mmoja akamtazama viatu. "Wewe nenda, baba. Utachafua hivyo."

Dereva akapiga honi. Kadeghe akalitazama gari, akalitazama jabali. Nikikwambia alifikiria sana nitakuwa nakudanganya. Akasema tu, "Nishushieni begi. Na mnitafutie nyundo na tindo, siyo za kuchezea."

Akajifunga kamba kiunoni, wakamshusha juu ya korongo. Huwezi kupasua jiwe kwa hasira, ungekuwa unaweza Mkanyeni pasingebaki jiwe. Jiwe lina mshipa. Kadeghe aliupapasa mwamba ule kwa viganja mpaka akaupata, akaanza kugonga kwenye mshipa huo, tindo baada ya tindo. Simu yake ikalia kiunoni. Akaipokea akiwa ananing'inia.

"Uko uwanjani?" Alikuwa wakala wake.

"Niko kazini."

"Kazi gani? Ndege inaondoka!"

"Basi iondoke." Akaizima.

Na iliondoka. Wakala alipopiga siku iliyofuata ilikuwa kumwambia kwamba nafasi yake imekwishapata mtu mwingine. Mikono ya Kadeghe ilikuwa imechubuka mpaka hakuweza kushika kikombe. Jioni ya siku hiyo mwamba ulitoa sauti kama mtu anayekohoa, ukafunguka katikati, nusu ikaenda korongoni. Maji yakaingia mferejini. Akina mama wakakimbia mbele ya maji wakiondoa majani.

Bila mikono ya Kadeghe, ndiva ingekuwa bakuli tupu.

Asubuhi ndiva ilikuwa imejaa.

Ungewaona! Mtu analia, mtu anacheka, mzee mmoja ameweka mkono ndani ya maji hataki kuutoa. Mzee Mrindoko akapanda ukingoni na kofia yake safari hii, akainua sauti.

"Sheria mnaijua. Aliyeifanya ndiva ishike maji ndiye anayefungua, na maji ya leo ni yake peke yake." Kisha akageuka, akawaona watatu wamesimama pamoja, akashuka ukingoni.

Huku chini ya ndiva mfereji unagawanyika kuwa mifereji mitatu. Mmoja unakwenda kulia, kwenye kipande kipya alichoazimwa Namkunda apande tangawizi yake. Mmoja unakwenda kushoto, kwenye mahindi ya kina Kadeghe. Mmoja unanyooka bondeni, kwenye birika la zamani la mifugo. Unaziba miwili, unaacha mmoja.

"Nasema mimi kwanza," Namkunda akasema, "maana shimo liko kwangu. Hii sakafu mnayoisifia ni shamba langu limehamia ndani ya ndiva. Na mbegu yangu imeanza kulegea, nimeishika asubuhi. Leo iko hai. Wiki ijayo ni takataka. Na si mbegu yangu, ni yenu! Nyie mliuza za kwenu!"

"Mama, sawa," Kadeghe akasema, "lakini tangawizi hailiwi ugali. Mahindi yako kwenye mbelewele. Yakikosa maji siku hizi, yanabaki majani. Kule nyumbani kuna watoto, na mimi sina tena kazi ya kuwalisha. Kazi yangu ni lile jiwe lililoko korongoni."

"Si ulijitakia?" sauti ikatoka nyuma ya watu. "Nani alikuita?"

"Aliyesema hivyo ajitokeze." Hakujitokeza mtu.

Sendeu alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ameegemea fimbo. "Mimi sina maneno mengi. Mahindi yakifa, mnapanda tena. Tangawizi ikifa, mnatafuta nyingine, hata kama ni mbali. Ng'ombe wangu wakifa leo, mimi si Sendeu tena. Mimi ni mlinzi wa geti mjini. Walimaliza nguvu ya mwisho mle ndani, yeyo, uliwaona. Hawafiki kesho kutwa."

"Nimewaona," Namkunda akasema.

Na hapo kijiji kikaingilia. Shemeji yake Namkunda akasema mwanamke hana zamu, zamu ya kaka yake iko kwake yeye, kwa hiyo kama ni kufungua atafungua yeye. Namkunda akamuuliza ni ndoo ngapi za udongo alizobeba. Akarudi nyuma ya watu. Mwingine akasema mgeni hana haki na ndiva, ng'ombe wake walikula mahindi yake, yeye mwenyewe aliwahesabu. Mama aliyerusha tope siku ile akamjibu, "Na nyama ya Ngiro ulikula? Ulikula! Nilikupa bakuli mimi!" Mwingine akasema Kadeghe alikosa msaragambo miaka yote, akirudi siku moja asijifanye mwenye ndiva. Mama yake Kadeghe akavua kandambili, ikabidi ashikwe.

Mjanja mmoja akasema, wagawane. Na wewe ulikuwa unataka kusema hivyo hivyo, nimekuona. Nimeeleza tangu mwanzo! Mifereji mikavu. Ukiyagawa, tangawizi haifikiwi, mahindi hayafikiwi, birika linabaki na tope la kulamba. Na usinitajie kisima, kilimalizikia kwenye sakafu, wala kijito, njia yake ni jabali na korongo, ng'ombe dhaifu hapiti. Mwingine akasema, apate mmoja leo, wengine wapate ikijaa tena. Itajaa lini? Kijito kile kilikuwa kinapungua kwa macho, ndiva iliyokuwa inajaa kwa usiku mmoja sasa ingeweza kutaka wiki, au mvua. Tangawizi haina wiki. Mbelewele hazina wiki. Ng'ombe ndio hawana kabisa.

Na wakati wanabishana, Sendeu akanyoosha fimbo. "Ukuta."

Wakatazama. Kwenye kona, ile kona alipoanguka Ngiro, ukuta uliokandikwa udongo mpya ulikuwa unatoa jasho. Matone madogo, halafu makubwa. Udongo bado mbichi, haujazoea uzito wa maji. Ungeachwa umejaa mpaka mchana, ungeachia, na maji yote yangekwenda korongoni bila kumnywesha hata mende.

Watu wakamgeukia Mrindoko. "Mwenyekiti, amua!"

Mzee Mrindoko alitazama maji. Akavua kofia.

"Mimi siwezi," akasema. "Mimi ndiye niliyeikausha. Nikisema Namkunda, mtasema nalipa tangawizi yake. Nikisema yero, mtasema nalipa ng'ombe wake. Nikisema Kadeghe, mtasema nalipa ndege yake. Na mtakuwa mnasema kweli. Shikeni wenyewe gogo."

Namkunda akawa wa kwanza kuingia majini. Akalishika gogo, akavuta. Halikutikisika. Lilikuwa limekaa kavu miezi yote ile, sasa limekunywa, limevimba, limekaza kwenye tundu. Sendeu akaweka fimbo chini, akaingia, akashika. Wakavuta wawili. Likacheza kidogo, likarudi. Wakamtazama Kadeghe. Akaingia na viganja vyake vilivyofungwa vitambaa, akashika juu ya mikono yao.

Sasa wako watatu kwenye gogo moja, na gogo linasikia. Wakivuta kwa pamoja litatoka. Mmoja akiachia, halitoki.

"Tunavuta," Namkunda akasema bila kumtazama mtu. "Lakini nani anakwenda kuziba mifereji miwili?"

Hakuna aliyesogea. Mrindoko ameketi, kofia magotini. Majembe mawili yamelala pale mifereji inapogawanyika, na hapana mtu aliyethubutu kuyaokota, kwa sababu atakayeokota ndiye aliyeamua.

Nami naishia hapo hapo. Msinisukume, hata mimi sijaongeza wala kupunguza.

Okota jembe. Ndiyo, wewe, na wewe hapo nyuma pia, mkubwa na mdogo. Mwenye udongo ametoa shamba na mbegu ya kijiji. Mwenye ng'ombe ametoa Ngiro na nguvu ya mwisho ya waliobaki. Mwenye mikono ametoa riziki ya nyumba nzima. Mjane asiye na zamu, mgeni asiye na kwao, mtoro aliyerudi akakosa njia ya kuondoka. Toa mmoja wao katika hadithi hii uone kama ndiva ina maji. Usinijibu "inategemea", na usiniambie utaitisha kikao. Wanakungoja, na gogo limo mikononi mwao, na ile kona haidondoshi tena matone, inachuruzika.

Je, wewe unaziba ipi, unaacha upi? Sema haraka.